Vyote vya Mti Mmoja

Ungefika Kakuma mwaka ule wa 2012 ukauliza nyumba ya mume wa kichaka, usingepotea. Hata watoto wa Kikongo wa mtaa wa pili wangekushika mkono wakupeleke hadi mlangoni kwa Mading. Jina hilo alipachikwa na Nakeno, mama wa Kiturkana mwenye ile sehemu ya ukingo wa mto Tarach, na utani wa Nakeno ukishakushika hautoki hata uusugue kwa jivu. Mume wa kichaka! Mtu mzima, mwenye mke wa ndoa ya kanisa na binti wa kutuma dukani, kila asubuhi anashuka mtoni kukagua miiba kama mfugaji anayemkagua ng'ombe mwenye mimba. Watu walicheka mpaka wakazoea. Mading mwenyewe hakucheka hata siku moja, maana yeye ndiye aliyejua ameweka nini rehani pale.

Na tuseme ukweli, kichaka chenyewe hakikuwa na sura. Kilikuwa cha ukoo wa migunga, na migunga Turkana ni nini jamani, si iko kila mahali? Hiki kilimfika mtu kifuani. Hakikuwa na shina moja. Matawi yalitoka ardhini kwa pamoja yakatawanyika juu, mfano wa mwavuli uliogeuzwa na upepo. Gome la kijivu, vijani vidogo vimejipanga pande mbili za kikonyo kama vya ndugu zake wote. Ukipita na punda wako hukitazami mara mbili. Balaa ni kwamba Mading alikitazama mara ya pili, akaiona miiba.

Kuna migunga yenye miiba mirefu, myeupe, iliyonyooka, inayotoka miwili miwili. Hiyo ni watu wa upande mmoja. Kuna kikwata na wenzake, wenye miiba mifupi iliyopinda kama kucha za paka, inayokushika shati ukadhani mtu anakuita. Hao ni watu wa upande mwingine. Kichaka hiki kilikuwa na yote mawili: kifundo hiki miiba iliyonyooka, kifundo kinachofuata kucha za paka. Utasema basi ni ewoi, ule mgunga mkubwa wa kivuli, nao si huchanganya miiba? Mading naye alisema hivyo kwanza. Lakini ewoi husokota maganda yake kama pete, na maganda ya hiki yalikuwa bapa, mekundu kama udongo wa Kitale, yamebanwa kiunoni kati ya mbegu na mbegu. Na katika ukingo mzima wa Tarach kilikuwa hicho kimoja tu, hakina ndugu wala jirani wa aina yake.

Kilichobaki ni ua. Ua ndilo hakimu. Watu wa upande wa kwanza huchanua vijipira vya mviringo, watu wa upande wa pili huchanua mikia mirefu kama mkia wa kuchakuro. Bila ua, mti wa namna hiyo hauna ukoo, na mtu anayeupigania hana kesi.

Mambo haya Mading aliyapata kwa Njenga, afisa wa misitu wa Lodwar, aliyekuwa akija kambini kukagua kitalu cha miche alichofanyia kazi Mading. Njenga alikuwa mtu wa Nyeri, mnene, jua la Turkana lilikuwa linamwonea waziwazi. "Kwetu miwati tunapanda, tunakata, tunachoma, basi," alimwambia. "Hakuna mtu anauliza babu yake anaitwa nani. Lakini wewe, bwana Mading, uko na macho." Kisha akasema neno lililomnyima Mading usingizi. Amletee sampuli kamili ya kichaka kile, jani, mwiba, ua na ganda, na ikionekana ni kitu ambacho hakijawahi kuandikwa upande huu wa mpaka, yeye Njenga atamsimamia aingie chuo cha misitu. Atatoka kambini kwa mlango wa mbele.

Wewe ambaye hujawahi kukaa kambini unaweza kuuliza, chuo tu? Mading aliingia Kakuma kijana asiye na ndevu, mwaka kambi ilipofunguliwa, ametoka kwao Bor, ng'ambo ya mpaka, kwa miguu. Hapo alikua, hapo alimwoa Aluong, hapo alizaliwa binti yao Nyanut, na kila kitu alichowahi kula hapo alikipangia foleni. Alikuwa anakaribia arubaini na hajawahi kuwa mtu wa kitu chochote. Kichaka kile kilikuwa kitu cha kwanza maishani kumwambia: wewe ndiye uliyeniona.

Nakeno hakumsumbua. Kwa Waturkana miti ya ukingo wa mto ina wenyewe. Kila familia ina sehemu yake, wanaiita ekwar, na humo huvunji hata kijiti bila ruhusa, sembuse mkimbizi. Watu wa kambini walishapigwa kwa sababu ya kuni tu. Lakini Mading alikwenda kwake kwa adabu, akamsalimu "Ejok?", naye akajibu "Ejok-noi," wakasimama wakitazamana. Akamweleza anachotaka. Nakeno alicheka mpaka shanga zikalia. "Wewe mtu ya kambi, unataka maua tu? Kuni hutaki?" Akamruhusu, akamwekea sharti moja: akate siku hiyo ya maua tu, siku nyingine aangalie kwa macho.

Mvua ya Aprili ilinyesha. Siku maua yalipotokea, mto ulikuwa unanguruma juu huko, watu wanapiga kelele maji yanakuja. Mading alijitosa kwenye miiba na kisu, akakata tawi lenye maganda, akakata jingine lenye maua, akatoka damu mpaka kwenye masikio. Alivikausha kati ya kurasa za magazeti, vibao viwili juu na chini, mawe juu ya vibao. Akaomba kibali cha kusafiri, akangoja, akapewa, akaenda Lodwar.

Ofisini kwa Njenga pangaboi lilikuwa limekufa. Njenga alifungua gazeti taratibu, akavaa miwani, akatazama, akavua miwani, akavaa tena.

"Bwana Mading," alisema, "hapa umefungisha ndoa watu wasiojuana."

"Una maana gani, mkubwa?"

"Hii tawi ya maganda ni ya kichaka chako. Hii ya maua ni kikwata. Angalia, haina mwiba hata mmoja ulionyooka. Kikwata kilikuwa kimeingiza mkono kwa kichaka chako, wewe ukakata mkono wa jirani."

Mading alitazama. Kumbe ndivyo. Mbele ya macho yake, wazi kama mchana. Alikuwa amekata kwa haraka katikati ya fujo ya miiba, hakulifuata tawi mpaka chini.

"Kanuni ya kwanza kabisa," Njenga alisema, na hakusema kwa ubaya, "vyote viwe vya mti mmoja. Unashika tawi, unafuata mpaka kwa mizizi. La sivyo huna kitu."

Ili kumtuliza, maskini, Njenga akaanza kumpa habari za wakubwa. Kwamba hata wataalamu wa dunia wamevurugana kuhusu migunga. Walikutana huko Australia mwaka uliotangulia, wakathibitisha kwamba jina Acacia, lililokuwa la ukoo wote wa migunga, libaki na miwati ya Australia, kwa kuwa huko iko mingi zaidi. Yetu ya Afrika igawanywe: ya vijipira iitwe Vachellia, ya mikia iitwe Senegalia.

"Mti umesimama kwao," Mading alisema polepole, "mahali walipozikwa babu zao. Halafu unaambiwa jina lako sasa ni la wengine?"

"Kura ilipigwa, bwana."

Mading alicheka, kicheko kibaya kisichokuwa na raha. "Basi na miti hiyo ni wakimbizi," alisema. Njenga hakujua acheke au aombe radhi, akatuma mtu alete soda.

Kuanzia siku hiyo ikawa wimbo nyumbani. Vyote vya mti mmoja, vyote vya mti mmoja. Akila anausema, akifunga mlango anausema. Nyanut, aliyekuwa na miaka tisa, aliugeuza kuwa mchezo wa kuruka kamba. Aluong alisikiliza miezi yote hiyo, akipepeta mahindi ya mgao. Aluong hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mtu wa kungoja mpaka amalize kufikiri, na akishamaliza hubadilishi.

Alimaliza Januari ya 2013. Nchi yao mpya, ng'ambo ya mpaka, ilikuwa imetulia, mamake mzazi yuko Bor, miguu imekufa, na kaka yake Manyang ameleta habari kwamba kuna ardhi na ng'ombe. Malori ya kwenda Nadapal, pale mpakani, yalikuwa yakijaa watu wanaorudi na magodoro yao.

"Twende nyumbani, Baba Nyanut," alisema.

"Ningojeeni mvua ya Aprili. Kichanue, nikate, nipeleke Lodwar. Tutatoka hapa na kitu mkononi. Subira huvuta heri, mke wangu."

"Na ngojangoja huumiza matumbo," Aluong alisema. "Hilo nalo lilisemwa na watu wenye akili."

Waligombana. Waligombana kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi, kwa sababu mtoto amelala nyuma ya pazia la gunia. Aluong alimwambia anampenda mtu aliye na mizizi kuliko mtu aliye na miguu. Alimwambia miaka ishirini amekuwa mtu wa foleni na sasa ameipata foleni ya kichaka. Mading alisema maneno ambayo alikuja kuyajutia, kwamba yeye Aluong hajawahi kutaka kitu zaidi ya jiko na mama yake. Asubuhi ile ya lori alimpandisha Nyanut mwenyewe, akamfunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. "Mvua ikishanyesha, nitakuja," alisema. Aluong alimpa mkono kama anavyopewa mgeni.

Nyumba tupu inasema, jamani. Mading aliambiwa kila kitu na nyumba ile.

Aprili ikaja. Na ikaja na mvua, tena mvua ya kuua. Tarach ilifurika ikapanda mpaka kwenye ua wa kanisa, ikang'oa miti, ikabeba mbuzi. Mading alisimama ng'ambo akikitazama kichaka chake kimezama shingoni, na mafundo mabichi ya maua yakipukutika moja moja yakienda na maji. Alitaka kujitupa. Nakeno ndiye aliyemshika fulana kwa nyuma. "Unataka kufa kwa sababu ya mti?" alimpigia kelele. "Mti itakuja tena. Wewe utakuja tena?" Maji yalipopungua kichaka kilikuwa bado kimesimama, kimeinama upande mmoja, hakina ua hata moja.

Alimpigia Aluong simu. Akamwambia, ngoja kidogo, kuna mvua za Novemba.

Julai alipata kibali akaenda Lodwar tena, na huko ndiko alikopata pigo la pili. Serikali za kaunti zilikuwa zimeingia, kila ofisi inahamishwa, meza ziko nje kwenye jua. Njenga alimwambia mwisho wa mwaka anarudi kwao Nyeri. "Mading, niletee kabla ya Krismasi. Huyu atakayeshika kiti yangu sijui kama anaweza kutofautisha mgunga na mpapai." Alisema kwa mzaha, lakini Mading alirudi Kakuma akihesabu miezi. Sasa haikuwa tena kungoja mti tu. Ilikuwa kukimbizana na kalenda, na kalenda haina huruma.

Sasa sikilizeni hili, maana hapa ndipo penyewe. Oktoba Aluong alipiga simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mafuriko. Sauti yake ilikuwa nyepesi, karibu ya furaha.

"Baba Nyanut, ule mti wako uko hapa."

"Mti gani?"

"Wako. Uko nyuma ya boma la Manyang. Miiba namna mbili, maganda mekundu. Uko mwingi."

Mading alikaa chini. Moyo ulimruka, kisha akaukamata. Aliwaza: huyu mwanamke ananivuta. Anajua pa kunishika. Akauliza kwa sauti ya mwalimu mkali, "Hiyo miiba iliyopinda iko kwenye tawi moja na iliyonyooka, au ni vichaka viwili vimeshikana? Umefuata tawi mpaka chini?"

"Mwiba ni mwiba, Mading. Umenichoma. Njoo uangalie mwenyewe."

"Mama Nyanut, usinitege. Mimi nilisoma mwaka mzima ndiyo nikadanganyika. Wewe umeutazama ukienda kukamua."

Alipolisema alisikia jinsi lilivyotoka, lakini lilikuwa limeshatoka. Kwenye simu walisikika mbuzi na mtu akimwita mtoto.

"Haya," alisema, akakata.

Novemba mvua ilinyesha kwa adabu, ya kutosha. Mwanzo wa Desemba mafundo ya maua yakatokea, madogo, mabichi, yamefungwa kama ngumi za kichanga. Usingeweza kujua yatakuwa vijipira au mikia. Mading alihamia pale karibu. Alifukuza mbuzi, alifukuza ngamia, alifukuza upepo kama ungefukuzika. Aliongea na kichaka kwa Kidinka. Alikibembeleza, kisha akakitukana, kisha akakiomba msamaha. Nakeno aliacha utani. Alimletea maziwa kwenye kibuyu akayaweka chini bila neno, kama anavyowekewa mgonjwa.

Jumatatu moja katikati ya mwezi, akiwa amerudi kambini kuchukua maji, alikuta watu wamejikusanya kwenye redio. Juba kulikuwa na risasi. Usiku kucha, watu wanasema, na bado. Wanawake walikuwa wameshika vichwa. Mading alipiga simu Bor, ikaita, Manyang akajibu: huku kwetu kimya, shemeji, Juba ni mbali. Na Mading, Mungu amsamehe maana yeye mwenyewe hakujisamehe, akashusha pumzi na kurudi mtoni. Juba si Bor, alijiambia. Mafundo yameanza kupasuka. Kesho au kesho kutwa.

Kwa hiyo alikuwa amesimama mbele ya kichaka, kisu mkononi, ameshika tawi na kulifuata kwa vidole mpaka kwenye mizizi kama alivyofundishwa, aliposikia ngoma za kanisa zimenyamaza. Vijana walikuwa wanafanya mazoezi ya Krismasi tangu asubuhi, ngoma zimekuwa zikilia tu, na sasa kimya. Kisha kilio. Kilianzia upande wa kanisa kikaenea nyumba hadi nyumba, kilio cha watu wa Bor. Hakuhitaji kuambiwa kwamba vita vimefika Bor. Alitupa kisu, akaacha vibao vyake na magazeti pale mchangani, akakimbia.

Simu ya Aluong haikupatikana. Ya Manyang haikupatikana. Sauti ya yule mwanamke wa mashine, mara Kiarabu mara Kiingereza, ilimwambia hivyo mpaka chaji ikaisha. Kibali cha kwenda Lokichoggio, njia ya mpakani, hakuwa nacho. Aliparamia lori la maji, na kwenye kizuizi askari alimwangalia usoni, akamwangalia tena, akafungua bila kuuliza chochote.

Nadapal walikuwa wanaingia. Malori, matrekta, wengine kwa miguu, rangi yao yote moja, rangi ya vumbi. Mading alisimama pale barabarani tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Kila aliyeshuka alimuuliza. Mmetoka Bor? Mmemwona Aluong, mke wa Mading, ana binti wa miaka kumi? Wengine walimjibu, wengine walimtazama tu kana kwamba amesema lugha ya ndege. Mama mmoja alimshika mkono akamuuliza yeye habari za wanawe. Hakula kitu asichopewa. Krismasi ilimkuta pale. Kundi la watu waliimba bila ngoma, wakashindwa katikati, wakanyamaza. Kichaka hakukikumbuka hata mara moja. Laiti kingemtoka kichwani mwaka mmoja mapema!

Manyang alishuka kwenye lori la magodoro akiwa na kanzu ya mtu mwingine. Nyanut alikuwa amemshika pindo. Mading alimwinua mtoto akambana kifuani, huku macho yake yakiangalia nyuma yao. Aliangalia pembeni mwa lori. Akamweka mtoto chini, akapanda kwenye tairi, akachungulia ndani. Magodoro, masufuria, kuku mmoja. Akainua magodoro. Manyang alimngoja mpaka ateremke.

"Tulikuwa tumefika mtoni, kule Bor," Manyang alisema. "Mtumbwi uko pale. Akasema, mama. Mama hawezi kutembea. Akanipa mtoto, akamvisha mzigo wake mgongoni, akarudi. Nilirudi kesho yake nikawakuta wote wawili, mlangoni. Nimewazika mimi mwenyewe, shemeji. Hakuna mwingine aliyewagusa."

Mading alilia. Hakulia kiume, hakujizuia, alianguka magotini barabarani akalia kwa jina lake, Aluong, Aluong, kama mtu anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na watu walioshuka na vilio vyao wenyewe walimpitia pembeni. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Alimwambia Manyang ampige. Manyang hakumpiga.

Nyanut alikuwa hajalia. Alingoja babake atulie, kisha akaushusha ule mzigo wa mgongoni, akaufungua, akatoa kitu bapa, makatoni mawili yamefungwa kwa kipande cha kitenge cha mamake.

"Baba, hii ni yako. Mama alikuwa anataka mjomba akuletee Krismasi."

Mading alifungua fundo. Kati ya makatoni kulikuwa na gazeti, na ndani ya gazeti, limelazwa vizuri, jani moja limegeuzwa kifudifudi ili mgongo wake uonekane, kulikuwa na tawi. Miiba miwili iliyonyooka. Chini yake kucha za paka. Ganda jekundu, bapa, limebanwa kiunoni kati ya mbegu na mbegu. Na pale juu, kwenye tawi hilohilo, maua, yamekauka lakini hayajapoteza umbo. Vijipira. Vidogo, vya mviringo, vya manjano.

"Alikata lini?" aliuliza.

"Baada ya wewe kumwambia kwenye simu. Ilipotoa maua. Alivaa viatu vya mjomba kwa sababu ya miiba. Alishika tawi akalifuata kwa mkono mpaka chini kwenye mizizi, akachomwa sana. Akasema baba yako atauliza." Mtoto alimtazama. "Akasema nikuambie vyote ni vya mti mmoja."

Mading alilifuata tawi kwa kidole mpaka pale lilipokatwa.

"Imejaa, baba. Boma lote la mjomba limezungushwa hiyo. Ni yenyewe?"

"Ni yenyewe," Mading alisema.

"Mama alisema ukishaiona utakubali kuja," Nyanut alisema. "Alisema hutakuwa na sababu nyingine ya kungoja."